Maswali ya Wasomaji: Kanisa Lisikimbizwe Kwenye Pasaka

Bwana asifiwe, Mchungaji. Nimekabidhiwa kanisa la Kibaptisti miezi minane iliyopita, na hii ndiyo Pasaka yangu ya kwanza nikiwa mchungaji. Vijana wanaomba kanisa zima lifunge siku 40 za Kwaresima. Shemasi mmoja wa siku nyingi amesimama kikaoni akasema kwamba Kwaresima haimo katika Biblia, na kwamba atakayeileta atakuwa ameligawa kanisa. Niwaongoze vipi? – Mchungaji kijana

Bwana asifiwe sana, ndugu yangu. Ninakuomba kwanza usimhesabu shemasi huyo kuwa mkaidi, kwa sababu analolisema lina mizizi mirefu katika historia yetu. Wabaptisti wa mwanzo, waliounda kanisa lao mjini Amsterdam mwaka 1609 wakiongozwa na John Smyth, walikuwa Waingereza waliokataa kulazimishwa ibada ambazo hawakuziona zimeagizwa katika Maandiko. Mwenzake, Thomas Helwys, alirudi London akamwandikia Mfalme James wa Kwanza kwamba mfalme naye ni mtu wa kufa, wala hana mamlaka juu ya roho za raia wake, na kwa ujasiri huo akatiwa katika gereza la Newgate. Shemasi wako anapoogopa siku isiyoagizwa kugeuzwa amri, analinda kitu ambacho watu walikilipia kwa kufungwa.

Lakini msingi huo huo unawalinda na vijana. Dhamiri iliyo huru kukataa Kwaresima ni huru pia kuishika, mradi mtu anaifanya kwa ajili ya Bwana na hamhukumu mwenzake. Paulo aliwaandikia Warumi: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Soma sura hiyo ya 14 yote mbele ya washirika, polepole, kabla hujatamka pendekezo lolote, kisha ulete jambo hili katika mkutano wa washirika, maana kwetu uamuzi wa namna hii ni wa kanisa lote, na mchungaji asiukate peke yake ofisini. Ningekushauri uombe mambo mawili tu: kwanza, atakayependa kufunga afunge bila kutangazwa, na asiyefunga asiulizwe; pili, kanisa zima, wafungaji na wasiofunga, lisome pamoja habari za mateso ya Bwana.

Hilo la pili ndilo ninalolitilia mkazo, kwa sababu nimeona makanisa mengi yakitumia nguvu zote kubishana kuhusu kufunga, kisha yakaifikia Ijumaa Kuu bila kuwa yamelisoma neno lolote. Injili ya Marko ina sura 16, na sura 6 za mwisho, kuanzia ya 11, zinahusu juma moja tu na asubuhi ya ufufuo. Mwandishi aliyekuwa akienda kwa haraka tangu ukurasa wa kwanza, akisema "mara" hivi na "mara" vile, anapofika Yerusalemu anapunguza mwendo. Nawe punguza pamoja naye. Chukua Jumapili tano kabla ya Pasaka, usome sura ya 11, ya 12 na ya 13, kisha ya 14 uigawe mara mbili kwa kuwa ina aya 72. Sura ya 15 iweke Ijumaa Kuu, na ya 16 asubuhi ya Pasaka. Jumapili ya Mitende itakukuta Gethsemane ilhali watoto wameshika matawi. Usisumbuke, waimbe hosana yao mwanzoni mwa ibada, kisha uendelee na usomaji.

Ijumaa Kuu, ndugu yangu, iishie kaburini. Sisi wahubiri tuna udhaifu wa kuogopa kuwaacha watu na huzuni, hivyo saa tisa alasiri hatujamaliza kueleza msalaba na tayari tunapaza sauti kwamba amefufuka. Funga Biblia pale ambapo Yusufu wa Arimathaya analivingirisha jiwe na wale wanawake wawili wanatazama mahali alipowekwa. Kwaya isiimbe wimbo wa kutokea, na watu waondoke kimya.

Mchungaji, kwa nini Pasaka haina tarehe moja kama Krismasi? Watoto wa shule ya Jumapili wameniuliza nikashindwa kuwajibu. – Mwalimu wa watoto

Waambie kwamba Pasaka inafuata mwezi. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka makanisa yote yaiadhimishe siku moja, na kanuni iliyokuja kushikwa ni hii: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya kanisa. Ndiyo maana haiji kabla ya 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, na mwaka 2026 ni 5 Aprili. Makanisa ya Kiorthodoksi mengi hutumia kalenda ya zamani katika hesabu hiyo, kwa hiyo mara nyingi yanaadhimisha baadaye kuliko sisi. Na zile siku 40 za Kwaresima, mtoto mwenye bidii akizihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu atapata 46. Mweleze kwamba Jumapili sita hazihesabiwi, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuo.

Shikamoo Mchungaji. Binti yangu ana miaka 13. Wenzake wanne wanabatizwa asubuhi ya Pasaka, naye anasema bado hajawa tayari. Ninaona aibu mbele ya washirika. Je, nimsukume kidogo? – Baba wa binti

Marahaba, ndugu. Usimsukume hata kidogo. Binti anayesema "bado" amelielewa agizo hili kuliko mtoto anayeingia majini kwa sababu wenzake wameingia, na sisi hatubatizi kwa imani ya baba.

Desturi ya kubatiza wakati wa Pasaka ni nzuri, na ni ya zamani sana. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, aliandika kiasi cha miaka 1,800 iliyopita kwamba Pasaka ndiyo siku inayofaa zaidi kwa ubatizo, kisha akaongeza kwamba kila siku ni ya Bwana na kila saa inafaa. Na katika kitabu hicho hicho alishauri watoto wasiharakishwe kubatizwa mpaka wamjue Kristo. Binti yako hatapungukiwa na neema akibatizwa siku ya kawaida, mwezi wowote, mbele ya watu ishirini.

Ila mlete aone. Mwombe mchungaji wako amruhusu akae mbele karibu na kisima, amwone yule wa kwanza akishuka ngazi, maji yakimfika kiunoni, kitambaa kikiwekwa puani na magoti yakikunjwa kidogo. Aone uso ukizama, maji yakijifunga juu yake kwa nukta moja ambayo kanisa zima huwa halipumui, kisha ule mshindo wa kuinuka. Hapo maneno ya Warumi 6, "tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo katika mauti yake", huacha kuwa aya ya kukariri. Jioni mkirudi nyumbani usimwulize kama amebadili mawazo. Yeye mwenyewe ndiye atakayekuja kukuuliza.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alifariki wiki tatu kabla ya Pasaka iliyopita. Asubuhi ile watu waliimba na kupiga vigelegele, nami nilishindwa hata kusimama. Mama mmoja alinigeukia akasema mwenye imani halii siku ya Pasaka. Mwaka huu ninafikiri nibaki nyumbani. Je, ninakosea? – Mjane

Mama, pole sana. Uliyoambiwa hayakuwa kweli, nami ninakuomba msamaha kwa niaba ya sisi tunaosimama mimbarani, kwa kuwa ni mahubiri yetu yanayowafundisha watu kusema hivyo. Miaka ya mwanzo ya utumishi wangu nilihubiri Pasaka kwa furaha kubwa, nikawaamuru watu wote wasimame wamshangilie Bwana. Katika benchi la mwisho alikuwepo mama aliyekuwa amemzika mwanawe Alhamisi. Alisimama kama nilivyoamuru, akiwa amekishika kitabu cha nyimbo juu chini, wala hakukigeuza mpaka ibada ikaisha. Nilimwona, nikaendelea kuhubiri. Sijaisahau asubuhi ile.

Fungua Yohana 20. Mtu wa kwanza aliyekutana na Bwana aliyefufuka alikuwa analia. Bwana hakumkemea Mariamu Magdalene kwa machozi yake, bali alimwuliza, "Mama, unalilia nini?" na alipotaka kumfariji alimwita kwa jina lake. Hata mwili wake uliotukuzwa ulibaki na alama za misumari, naye akamwonyesha Tomaso. Ufufuo haukufuta habari kwamba Ijumaa ilikuwepo.

Kwa hiyo, hukosei ukilia, wala hutakosea ukibaki nyumbani asubuhi hiyo moja. Lakini ningependa usibaki peke yako. Mwambie mchungaji wako mapema, kabla ya Juma Kuu, ili dada mmoja unayempenda aje kukaa karibu nawe, nyumbani au kanisani, na ukienda kanisani mkae mlipochagua ninyi, mkitoka mnapotaka kutoka.

Tena, Pasaka haiishi Jumapili ile. Bwana aliwatokea wanafunzi kwa muda wa siku 40 kabla ya kupaa, na Pentekoste ikaja siku ya 50. Mwaka 2026 Pentekoste ni 24 Mei, hivyo kuna majuma saba kamili ya kuhubiri ufufuo, na wachungaji wanaosoma jibu hili ninawasihi wasiyapoteze kwa kurudi kwenye mahubiri ya zaka Jumapili inayofuata. Tomaso alikosekana siku ya kwanza, na Bwana alirudi baada ya siku nane kwa ajili yake. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea wakiwa na huzuni, naye akaenda pamoja nao mwendo wao, akawasikiliza kwanza. Petro, aliyekuwa amemkana mara tatu, alikutwa ziwani baada ya usiku mzima wa kazi, akakaribishwa moto wa makaa, samaki na mkate kabla ya kuulizwa lolote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshangilia alfajiri ya kwanza.

Ukiweza, Mama, njoo Jumapili ya Tomaso, ile inayofuata Pasaka. Watu watakuwa wachache, kwaya itakuwa imechoka, na Meza ya Bwana ikiandaliwa siku hiyo utaketi ukapokea mkate na kikombe bila mtu kukutaka usimame.