Maswali ya Wasomaji: Kusafisha Filamu Nyumbani Katika Joto la Pwani

SWALI: Shikamoo mshauri. Marehemu baba mkubwa aliniachia kamera ya filamu, nami nimejifunza kuipakia filamu kwenye tangi gizani. Nimesafisha filamu mbili za Ilford HP5 Plus, za picha nyeusi na nyeupe, kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, kwa dakika 7 na nusu kama maelekezo yanavyosema. Negativu zote zimetoka nyeusi mno, hata nyuso hazitambulikani. Je, kamera imeharibika?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba. Kabla hujaipeleka kamera ya marehemu kwa fundi, zitazame herufi na tarakimu zilizo pembezoni mwa filamu. Hizo hazikupigwa na kamera yako; zilitiwa kiwandani kwa mwanga, kwa hiyo weusi wake hutegemea usafishaji peke yake. Zikiwa nyeusi tititi na kingo zake zimetanuka, kosa liko kwenye dawa, muda au joto. Zikiwa za kawaida ilhali picha ndizo nzito, basi filamu ilipata mwanga mwingi mno ikiwa kamerani, na hapo ndipo shata, yaani kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, na kipimamwanga vinapostahili kuchunguzwa.

Kwa kuwa barua yako haikutaja kipimajoto, ninashuku joto. Dakika 7 na nusu ni za dawa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya tangi la juu ya paa katika miji yetu ya pwani hufika nyuzi 28 bila taabu. Kila nyuzi moja inapoongezeka, muda unaohitajika hupungua kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo, ikiwa dawa yako ilikuwa na nyuzi 28, filamu ilikaa ndani yake zaidi ya mara mbili ya muda uliostahili.

Wengi hudhani suluhisho ni kupunguza dakika tu. Siungi mkono njia hiyo, kwa sababu muda ukishuka chini ya dakika 5, dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa, na anga ya picha hutokea mabaka. Ninachokushauri ni kuizimua ID-11 kwa maji ya kiasi kilekile, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, ambapo muda wake ni dakika 13 kwa nyuzi 20, na kufanya kazi kwenye nyuzi 24, ambapo dakika 9 hivi zinatosha. Nyuzi 24 zinafikika nyumbani: weka chupa za dawa katika beseni la maji, tia barafu ndani ya beseni, wala si ndani ya dawa, kisha pima joto la dawa yenyewe. Pindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, na vivyo hivyo mwanzoni mwa kila dakika.

Dawa ya kuimarisha picha, ambayo mafundi huiita fiksa, pamoja na maji ya kuoshea, vikae katika beseni hilohilo. Tabaka la jelatini lililobeba picha hulainika na kuvimba likiwa majini, na likitolewa ghafla kwenye ubaridi na kutiwa kwenye joto, huweza kupasuka nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, na nyufa hizo hazitengenezeki tena.

SWALI: Kwetu maji ni ya mgao, nami nimeambiwa filamu ioshwe nusu saa kwa maji yanayotiririka. Nifanyeje?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usikate tamaa, ndugu yangu, lita moja hivi inatosha kwa filamu moja, mradi fiksa yako si ile ya kukaza jelatini. Ilford wenyewe wanaelekeza hivi: jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Maji ya kisima chenye chumvi huacha madoa, kwa hiyo suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa. Usiharakishe hatua hii, kwani mabaki ya fiksa huila picha polepole kwa miaka. Ninapotazama picha za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, huona thamani ya kazi inayotunzwa ikadumu katika unyevu wetu.

SWALI: Filamu yangu imetoka na ukungu kama maziwa. Nimeipoteza?
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Hujaipoteza. Fiksa yako imechoka au muda ulikuwa mfupi. Irudishe filamu katika fiksa mpya, hata mwangani, kisha uioshe upya. Siku nyingine, kabla ya kuanza, tumbukiza kipande cha ncha ya filamu katika fiksa, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, na muda wa kazi uwe mara mbili ya hizo. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka kutoka kwenye filamu, nayo hudhuru viumbe vya majini; ihifadhi katika dumu lenye jina, mbali na watoto, wala usiimwage mtaroni unaoelekea baharini.