Koili inapata volti 7 badala ya 12: pima kwanza kabla ya kuvuta waya mpya

Ndugu, umesema gari lako la zamani la pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayofunga na kukata umeme wa koili) linasoma volti 7 kwenye chanya ya koili, ile inayozalisha umeme wa cheche za plagi, swichi ikiwa imewashwa, na fundi anataka kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mzuie kwanza. Huenda hizo 7 ndizo walizokusudia waliolitengeneza.

Magari mengi ya enzi hizo yana rezista, kizuizi kinachopunguza umeme, kati ya swichi na koili. Mara nyingine ni kipande cha kauri unachokiona wazi, mara nyingine ni waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Ukipiga stata, waya wa pembeni huiruka rezista na kuipa koili umeme wote wa betri, kwa kuwa stata yenyewe imeshaushusha. Ndiyo maana gari likiwaka wakati wa stata kisha likazima ukiachia ufunguo, mshukiwa wa kwanza ni rezista iliyokatika.

Zima swichi, chomoa nyaya za koili, pima ukinzani kati ya chanya na hasi. Gusanisha ncha za mita kwanza, utoe kiasi kinachosomeka. Ukipata omu 3 hivi, koili ni ya volti 12 kamili, basi 7 ni kasoro: kagua swichi na viungio vyenye kutu. Ukipata omu 1.5 hivi, inahitaji rezista. Omu 1.5 kwa volti 12 hupitisha ampea 8. Ongeza rezista ya omu 1.5, zinashuka hadi 4. Niliwahi kufungua distribyuta ya gari lililounganishwa moja kwa moja namna hiyo: pointi zilikuwa za bluu kwa kuungua, na koili haishikiki kwa moto.

Halafu, vipimo vyote vya volti vifanye pointi zikiwa zimefunga. Zikiwa wazi umeme haupiti, na mita itakuonyesha 12 hata rezista ikiwa nzima. Zungusha injini kwa spana kwenye puli hadi zifunge, pima haraka, kisha zima swichi. Ukiiacha hivyo muda mrefu injini haizunguki, koili inachemka bure.