Jibu: Mradi wa jamii badala ya insha ya mwisho, tuanzie wapi?

Ndugu yangu, umesema mhadhiri wenu amefuta insha ya mwisho, anataka mradi utakaoonekana na watu mtaani, na kikundi chenu kimekwama kwenye mada. Msichague mada mkiwa bwenini. Nendeni mkasikilize kwanza. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakubeba mchezo ulioandikwa tayari. Suala la mimba za wasichana liliibuka kijijini, likaingia kwenye ngoma na maigizo, kisha watu wakalijadili.

Sisi tulifanya kitu kidogo: tulitundika kanga za zamani kwenye kamba pembeni mwa soko, bila maelezo yoyote. Bibi mmoja akasimama, akashika pindo, akasoma jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, taratibu kwa kidole, akatusimulia alipewa na nani na baada ya ugomvi gani. Tukamrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake. Maonyesho yetu yote yakajengwa hapo.

Na tafadhali, kazi ikikamilika, waonyesheni kwanza watu wa mtaani waliowapa simulizi, kabla ya mhadhiri.