Maswali na majibu: Marcus Stephen na siasa za Nauru

Marcus Stephen, aliyekuwa Rais wa Nauru, nchi ya kisiwa kidogo katika Pasifiki, ni wa chama gani?

Hana chama. Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lilelile. Wabunge wa Nauru, karibu wote, huingia bungeni kama wagombea binafsi. Vikundi vilivyojiita vyama vimewahi kuwapo, Naoero Amo kikiwa kimojawapo, lakini usivifikirie kama CCM au ODM, vyenye kadi, matawi na mchujo. Najua Mtanzania hapati hata fomu ya ubunge bila kudhaminiwa na chama, ndiyo maana anakitafuta kila mahali. Nauru kuna upande wa serikali na upande wa upinzani, na mbunge anaweza kuamkia huku akalala kule. Kwa hiyo tuache kuandika “chama tawala cha Nauru”.

Bado ni Rais?

Hapana. Aliondoka 2011. Tangu Oktoba 2023 Rais ni David Adeang.

Ni kweli alikuwa mnyanyua vyuma, na ndicho kilichompa urais?

La kwanza kweli, la pili nusu. Alipata dhahabu 7 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola: moja 1990, tatu 1994 na tatu 1998. Olimpiki ya Barcelona 1992 alishiriki kwa bendera ya Samoa, kwa kuwa Nauru ilikuwa bado haijakubaliwa katika Olimpiki. Umaarufu huo ulimsaidia kuingia bungeni 2003 kwa jimbo la Anetan. Urais ni mlango mwingine: mwananchi wa Nauru hampigii kura Rais, wabunge ndio humchagua mmoja wao. Ukiwa shujaa wa kisiwa kizima huku wenzako kumi bungeni hawakutaki, unabaki mbunge.

Kura za ubunge zinahesabiwaje? Nimesoma habari za “pointi” sikuelewa.

Unaloulizia ni mfumo wa Dowdall, uliotungwa 1971. Mpiga kura hapigi tiki. Anawapanga wagombea wote wa jimbo lake kwa namba, na akimwacha mmoja bila namba, kura imeharibika. Namba 1 ni pointi 1, namba 2 ni nusu, namba 3 ni theluthi, namba 4 ni robo, na kuendelea hivyo. Pointi zinajumlishwa, wenye nyingi wanachukua viti. Majimbo ni 8, mengi yana viti viwili.

Tuchukue mfano wa kubuni: kura 100, viti viwili, wagombea A, B na C. Watu 45 wanapanga A-B-C, watu 40 wanapanga C-B-A, watu 15 wanapanga B-A-C. A anapata 45, anaongeza 7.5 za namba 2 na 13.33 za namba 3: jumla 65.83. C ana 40 na theluthi ya 60, jumla 60. B ana 15 na nusu ya 85, jumla 57.5, na anabaki nje. Hebu sasa toa pointi 2, 1 na 0 kwa kura zilezile: B anakuwa wa kwanza kwa 115, A 105, C 80!

Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakisema mfumo huu humpendelea mtu wa kati asiye na maadui. Unampa nafuu, lakini namba 2 mbili ndizo zinazolingana na namba 1 moja. Mgombea lazima awe na ukoo na majirani wa kumweka juu kabisa, ndipo aende kuomba namba 2 kwa watu wa mpinzani wake. Na kwa kuwa wapiga kura wa jimbo ni wachache, familia moja ikinuna imetosha kukuangusha.

Stephen alimwondoaje Rais Ludwig Scotty, na kwa nini yeye mwenyewe akakwama 2010?

Scotty alishinda vizuri Agosti 2007. Desemba hiyohiyo akang'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani, Stephen akakaa kitini. Katiba inataka angalau nusu ya wabunge wote, yaani kura 9 wakati huo ambapo Bunge lilikuwa na watu 18. Rais mpya asipopatikana ndani ya siku 7, Bunge linavunjika.

Idadi hiyo ya 18 ndiyo iliyomtesa 2010. Uchaguzi wa Aprili ulileta 9 kwa 9, wa Juni nao haukufungua njia. Ugumu ulikuwa kiti cha Spika. Spika hapigi kura isipokuwa kura zikilingana, kwa hiyo upande uliotoa Spika ungebaki na 8 dhidi ya 9. Nani ajikate mkono mwenyewe? Nchi ikaendeshwa kwa hali ya hatari mpaka Novemba, na aliyekubali kuwa Spika ni Scotty yuleyule aliyepinduliwa 2007. Stephen akachaguliwa tena.

Tangu 2013 viti ni 19. Mwenye 10 akitoa Spika, wapiga kura ukumbini wanabaki 9 kwa 9 na Spika anaamua. Hilo limeondoa mkwamo tu. Kuhamahama kupo palepale: Rais Russ Kun aling'olewa Oktoba 2023 kwa njia ileile.

Aliishia wapi?

Alijiuzulu Novemba 2011, upinzani ukimtuhumu rushwa katika biashara ya fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Tuhuma si hukumu, andikeni hivyo. Freddie Pitcher akashika urais siku 5, kisha Sprent Dabwido akamwondoa. Wanaochora orodha za marais humruka Pitcher, halafu wananiuliza kwa nini hesabu haifiki. Stephen naye alirudi: Agosti 2019 Bunge lilimchagua kuwa Spika, kiti kilekile kilichomkwamisha zaidi ya miezi sita.