Shangazi, jina langu halipo kwenye nyimbo nilizoandika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mpiga besi, nina miaka 29, naishi Temeke. Tuna bendi ya watu watano na tunapiga nyimbo zetu wenyewe, sio kopi. Kila Jumamosi tupo kwenye baa moja Sinza. Wanatulipa Sh300,000 kwa usiku; tukitoa hela ya kukodi spika na gari la kubebea vyombo, kila mtu anaondoka na kama Sh35,000, siku nyingine pungufu. Mwaka jana tulichangishana tukaingia studio, tukarekodi nyimbo sita. Mwimbaji wetu, rafiki yangu tangu sekondari, ndiye aliyezipandisha mtandaoni. Miezi minne iliyopita niligundua kuwa nyimbo zote sita mtunzi ameandikwa yeye peke yake. Mbili kati ya hizo maneno niliandika mimi, na besi zote nimetunga mimi. Nikanyamaza nisionekane napenda hela. Sasa kuna watu wa matangazo wanataka wimbo mmoja kati ya zile mbili, na anayezungumza nao ni yeye.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Anasema kuna bendi ya hoteli inatafuta mpiga besi kwa mshahara wa mwezi, niende huko. Mimi nimepanga Jumamosi hii nisitokee, na amplifaya yangu nikaichukue, ili wajue umuhimu wangu. Nifanyeje?

Mpiga Besi

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa mtoto anayekuja.

Jumamosi nenda ukapige. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Mpiga drams hajakukosea, wala mpiga solo, wala mwenye baa aliyekwishawatangazia wateja wake. Bendi ikipanda jukwaani bila besi, waliolipa bia zao hawatajua kwamba kuna mtu amedhulumiwa. Watajua bendi ni mbovu. Halafu wanamuziki wa Dar mnajuana wote. Kabla ya Jumatatu kiongozi wa hiyo bendi ya hoteli atakuwa ameshaambiwa kuwa yule kijana wa besi ana tabia ya kutotokea. Utakuwa umepoteza kazi mbili kwa usiku mmoja, na jina lako litakuwa bado halijaandikwa popote.

Sasa nyimbo zenyewe. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani kile mlichotoka nacho studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda vyote viwili, na haki ya mtunzi haisubiri fomu ya mtu yeyote. Rafiki yako kujaza jina lake hakukumfanya awe mtunzi wa ulichoandika wewe. Kilichofanyika ni kwamba mzigo wa kuthibitisha umehamia kwako. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, tafuta kwenye simu zile sauti ulizojirekodi ukijaribu beti, ujumbe uliomtumia, picha ya daftari, chochote chenye tarehe. Hamishia mahali pengine, maana simu huibiwa.

Maneno ya nyimbo mbili ni yako. Je, melodi? Hukuniambia, na mimi nimeona hukuniambia. Kama yeye ndiye aliyeyapa maneno yako njia ya kuimbika, basi nyimbo hizo mbili ni zenu nyote wawili. Nenda ukidai kuongezwa. Usiende ukidai yeye afutwe.

Kuhusu besi nitakuudhi. Kila mpiga besi anaamini besi ndiyo wimbo, na mara nyingine ni kweli. Ila mpiga solo naye katunga solo yake, na mpiga drams kabuni mapigo yake. Zipo bendi zinazogawana utunzi sawasawa kwa kila aliyekuwepo mazoezini, na zipo zinazomwachia yule aliyeleta maneno na melodi. Yote ni sawa ilimradi watu wamekubaliana, na ninyi hamkuwahi kukubaliana chochote. Mlikuwa marafiki, mkaona inatosha. Basi hizo nyimbo mbili zidai, na hizo nne nyingine ziulizie.

Lakini barua yako imeruka jambo kubwa kuliko besi. Umesema mlichangishana kulipa studio. Watano. Basi hiyo rekodi mna haki ya kuihesabu kuwa mali ya watano, na mpiga drams wenu, ambaye huenda hajui hata kuna tangazo, ana fungu lake. Kampuni ya matangazo ikitaka kutumia rekodi yenu inahitaji ruhusa ya wenye utunzi na ya wenye rekodi. Kwa maneno mengine, rafiki yako hawezi kuuza wimbo ule kihalali peke yake. Hiyo ni nguvu kubwa mkononi mwako. Usiende kumtikisia nayo usoni siku ya kwanza.

Mwite ninyi wawili tu, mchana, mkiwa hamjanywa. Msizungumze kwenye grupu la WhatsApp, wala saa nane usiku mkikunja nyaya huku mnagombania nauli. Mwambie hivi, kwa maneno yako: kaka, nimeona zile nyimbo mbili nilizoandika zina jina lako peke yako, naomba turekebishe kabla hatujasaini la tangazo. Halafu nyamaza umsikilize. Inawezekana kabisa alikuwa peke yake usiku wa manane, bando linakaribia kuisha, fomu ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo mtandaoni, ikamtaka jina la mtunzi, akaandika lake akaendelea. Majina hayo hurekebishika kupitia kwa huyohuyo msambazaji aliyezipandisha. Akisema "samahani, tufanye", jambo limekwisha na urafiki umebaki. Akianza kukuuliza tangu lini unapenda hela, hapo utakuwa umejua uko na nani.

Na hilo la kupenda hela livue, mwanangu. Umelibeba miezi minne bure. Rafiki yako hajajibu shtaka kwa sababu hajawahi kusomewa.

Baada ya hapo kaeni wote watano. Chukueni karatasi, kila wimbo na mstari wake: nani kaleta maneno, nani melodi, kila mmoja fungu lake ni asilimia ngapi, akaunti ya mtandaoni iko kwa nani na hela ikiingia inagawanywa lini. Sainini, na shahidi asaini. Kisha mkaziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Si kwamba haki inaanzia pale, ila siku ya ugomvi cheti kinaongea vizuri kuliko kumbukumbu za mazoezini. Kama bendi haijasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, maliza na hilo. Nyimbo za mtandaoni zenyewe msizitegemee kuwalipa kodi ya nyumba. Kwa bendi ya ukubwa wenu kinachoingia huko ni kidogo sana. Hela yenye uzito inaweza kutoka kwenye kitu kama hilo tangazo, ndiyo maana nakuhimiza uongee wiki hii.

Nije kwa mkeo. Soma tena barua yako. Hajasema uache muziki. Amesema ukapige muziki kwa mshahara, na anahesabu miezi miwili iliyobaki kwa vidole vyake mwenyewe. Umeandika "sio kopi" kwa kiburi ambacho nakielewa, ila kupiga nyimbo za watu vizuri kila usiku ni shule, na wageni wa hoteli hawamwonei huruma mpiga besi anayepotea kwenye wimbo. Tena kuhama bendi si usaliti katika mji huu. Wazee wenu wa dansi walikuwa waajiriwa: bendi ya NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri. Mwaka 1985 Muhidin Gurumo na Abel Balthazar waliondoka Mlimani Park wakahamia Orchestra Safari Sound, na wapenzi wa Sikinde, ndiyo hiyo Mlimani Park, hawakuacha kucheza. Walichokosa wengi wa kizazi kile ni karatasi za umiliki wa nyimbo zao, nyimbo ambazo redio ilizipiga miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo mimi ningekwenda hotelini. Lakini uliza kwanza: ni siku zipi za wiki, mshahara unalipwa tarehe ngapi, wageni wakipungua mtalipwa vilevile, na unaruhusiwa kupiga kwingine siku zako za mapumziko? Jumamosi karibu hakika itakuwa ya hoteli. Waambie wenzako mapema, wape mwezi mmoja wamtafute mtu wa Sinza, mfundishe wewe mwenyewe hizo besi zako. Ubaki nao kwa kurekodi na kwa shoo moja moja kubwa. Wakikataa, utaondoka ukiwa na jina lako kwenye nyimbo mbili na bila deni la mtu.

Mkataba wa tangazo ukija, mpelekeeni wakili kabla ya kalamu kugusa karatasi. Atazame wanautaka wimbo kwa muda gani, kwa nchi zipi, kama mtazuiwa kuwapa wengine, na kama malipo ni ya mara moja au yanarudiwa wakiendelea kuutumia. Kama mkataba hautaji muda, msisaini.

Shangazi