Kupanda ngamia na kulala jangwani Oman na mama mtu mzima, inafaa?

Mkuu, umeuliza kama kumleta bi mkubwa wako wa miaka 60 na kitu huku Oman apande ngamia na alale jangwani usiku mmoja ni kumtesa. Mi naishi Muscat, na kila mgeni akishuka kutoka nyumbani wimbo ni huo huo, ngamia ngamia, kwa hiyo jangwa la Sharqiya Sands (wengine wanaita Wahiba) nimeshapeleka watu wa kila aina. Mlete. Ila ngamia mpe dakika 20 zinatosha, asikubali zile safari za masaa.

Ngamia anatembeza miguu ya upande mmoja kwa pamoja, ya kushoto yote halafu ya kulia yote, ndo maana kule juu unayumba kama uko kwenye mtumbwi, na baada ya nusu saa kiuno kinaanza kudai. Shughuli yenyewe iko kwenye kuinuka na kukaa. Akiinuka anatanguliza miguu ya nyuma, unarushwa mbele, akikaa anatanguliza magoti ya mbele, unarushwa mbele tena. Kwa hiyo bi mkubwa aegemee nyuma mara zote mbili na asiachie chuma cha tandiko mpaka mnyama atulie kabisa. Na avae suruali ndani ya dera, tafadhali. Mabedui wao wanakaa nyuma ya nundu huku wanachati kwenye simu, msijilinganishe nao.

Njia ni lami mpaka Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa jangwa, kama masaa mawili na nusu hivi kutoka Muscat. Pumzikeni Ibra, mji ulio njiani, na msishangae mzee wa kanzu dukani akiwasikia akawajibu kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, familia nyingi za huku upande wa Sharqiya zilikuwa na watu wao Zanzibar, wakarudi huku baada ya 1964, wengine 1970 na kuendelea Sultani Qaboos aliposhika nchi. Gari ndogo iacheni Bidiyah, watu wa kambi mtakayolala wanakuja kuwachukua, mkubaliane bei kabla. Kama ni foo-wili mpunguze upepo wa tairi kwanza, na msiingie gari moja peke yake.

Usiku sasa, hapo ndo utamu ulipo, kahawa, tende, nyota mpaka unachoka kutazama, ila watu wanakuja na vitisheti wakidhani jangwa ni joto tu! Desemba na Januari utatafuta soksi. Halafu kuna umande, bahari haiko mbali, ukilala nje asubuhi blanketi la juu limelowa chapachapa, kwa hiyo bi mkubwa alale hemani. Kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, nge wapo. Na kabla hamjalipia ulizeni choo kiko hatua ngapi kutoka hemani, hilo kwake ni muhimu kuliko ngamia.

Juni mpaka Agosti sahau, joto linapita 45. Njooni Novemba mpaka Februari, ila mkwepe kulala Alhamisi na Ijumaa, wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, vijana wanapandisha magari kwenye matuta mpaka usiku mwingi na hamtalala.