Nyanya yenye vumbi jeupe: nawajibu kuhusu kilimo hai

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba mboga za kilimo hai, yaani zinazolimwa bila dawa na mbolea za viwandani, zina sababu za kweli za kuuzwa ghali. Barua zimekuja nyingi, nyingine za hasira. Leo najibu sita.

Dada, habari za kazi. Hapa Tabata nyanya za kilimo hai ni karibu mara mbili ya bei ya soko la Mabibo. Mume wangu anasema nyanya ni nyanya, tunalipia karatasi iliyobandikwa tu. Nani mkweli?

Salama, mama. Kwenye virutubishi, baba watoto hajakosea sana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200 na hawakuona tofauti kubwa ya vitamini. Mwaka 2014 wenzao wa Newcastle, Uingereza, nao walipitia zao wakakuta mazao ya kilimo hai yana antioksidanti (viambato vinavyolinda chembe za mwili) nyingi zaidi na kadimiamu, madini yenye sumu, kidogo. Hapo wanabishana hadi leo. Wasichobishana ni masalia ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa: kwenye mazao ya kilimo hai hupatikana mara chache zaidi.

Na hapo nyanya si sawa na nanasi. Nimekuwa bibi shamba miaka mingi, na mashamba ya nyanya ya Ilula, Iringa, nimeyatembea. Mvua ikinyesha, bakajani, ugonjwa unaokausha majani, inapiga. Tangu 2014 kuna kantangaze pia, yule kiwavi anayetoboa jani na tunda. Mkulima aliyekopa pembejeo hawezi kukaa akitazama. Anapulizia, na baada ya siku chache anarudi tena na bomba. Shida ni kwamba nyanya haivunwi mara moja. Inachumwa wiki baada ya wiki, katikati ya kupulizia, na lori halimsubiri mtu. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kopo kwa herufi ndogo mno. Asubuhi moja nilimkuta kijana akichuma shamba lililopuliziwa jana yake jioni. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa kwenye vikonyo, na vidole vyake vilikuwa vyeupe hadi kwenye kucha. Nikamuuliza nyanya za nyumbani kwake anachuma wapi. Akanionyesha tuta dogo nyuma ya jiko, lisilopuliziwa.

Anayelima bila dawa hizo analipia kwingine: palizi ya mkono, samadi ya kubeba, na mavuno pungufu. Uchambuzi mkubwa wa 2012 uliweka upungufu huo kwenye wastani wa asilimia 25, mwingine wa 2014 asilimia 19. Kwa hiyo, mama, hulipii karatasi. Kama fedha inabana, lipia nyanya, hoho na mboga za majani. Nanasi, parachichi, ndizi na vitunguu nunua popote, maana tunamenya ganda na kulitupa. Ila usiwapunguzie watoto mboga kwa kuogopa dawa. Nyanya ya Mabibo iliyooshwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko sahani isiyo na nyanya.

Kuosha kwa maji ya chumvi kunatosha?

Kinachosaidia zaidi ni maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono, nyanya moja moja. Ukitaka kuongeza, tumia bikaboneti ya kuokea (baking soda), vijiko viwili vya chai kwa lita ya maji, uloweke dakika 12 hadi 15. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu hivyo kwenye matufaha mwaka 2017, na dawa mbili walizopima zikaondoka juu ya ganda. Iliyokwisha kupenya ndani haikutoka. Sabuni usitumie. Na osha kabla ya kupika: mankozebu, dawa ya ukungu inayoacha lile vumbi, ikipata moto huzaa kitu kiitwacho ETU ambacho ni kibaya kwa tezi ya shingo. Umoja wa Ulaya uliinyima kibali mwishoni mwa 2020.

Muuza mchicha wangu anaapa kwamba hapulizii chochote, mboga yake ni asilia. Analima bondeni, karibu na mto Msimbazi. Nimwamini?

Kuhusu dawa unaweza kumwamini. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne, wengine kweli hawapulizii. Muulize maji. Msimbazi unapokea maji ya viwandani na ya vyooni, na watafiti wamepima mboga za bonde hilo zaidi ya mara moja wakakuta madini mazito, ikiwamo risasi. Risasi iliyoingia kwenye jani haioshwi. Kama unapata anayemwagilia kwa maji ya kisima kilicho mbali na mto, hata akipulizia mara moja na kusubiri siku zake, mimi ningenunua kwake.

Kuku wa kienyeji ndiyo kuku wa kilimo hai? Na ni kweli wale wa kisasa wanachomwa homoni? (Kijana, Arusha)

Hapana, mdogo wangu, kwa yote mawili. Kienyeji ni asili ya kuku na namna anavyoishi. Anakula anachokiokota, na jalalani pia anaokota. Wa nyama wa kisasa anafikia uzito kwa wiki tano au sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miongo mingi na chakula kizito, wakati kienyeji anataka miezi sita na zaidi. Bei unayoilalamikia ni ya miezi hiyo. Linalonikosesha amani ni antibaiotiki: kuna wanaowapa kuku hadi siku ya kuuza, bila kuacha siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Angalia pia wengi wanaouzwa kama kienyeji ni chotara, Kuroiler au Sasso. Ni kuku wazuri, lakini uambiwe. Kiini cha njano kisikupumbaze, rangi inatokana na alichokula kuku.

Mwanangu, mahindi na karanga zangu sijawahi kutia dawa tangu nizaliwe. Wajukuu wakila hapa Kondoa wako salama kuliko huko mjini, si ndiyo?

Shikamoo mzee wangu. Kwa dawa za shambani, ndiyo. Lakini kuna sumu isiyotoka dukani, na huko kwenu mnaijua. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya ilikuwa imeua 125. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe. Kuvu huingia zao likipigwa na ukame shambani, halafu likahifadhiwa bichi. Kuchemsha hakuitoi.

Nakuomba, mzee, anika kwenye turubai, si chini kwenye udongo. Kabla ya kuhifadhi, tia chumvi kavu kwenye chupa kavu, weka punje za mahindi, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zichambueni zote, na msiwape kuku wala kuzitia kwenye uji wa mtoto. Wajukuu wadogo ndio wanaoumia zaidi.

Huku Hamburg naangalia jani la kijani, alama ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya, na nanunua. Nikija likizo Dar nitafute nini?

Tafuta alama ya Kilimohai. Inafuata kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki cha 2007. Jani la Ulaya lina sheria nyuma yake; shamba la mazao ya msimu hukaa miaka miwili kwenye mpito kabla ya kupandwa zao litakalobeba alama. Kwetu, cheti cha kampuni ya ukaguzi ni mzigo kwa mkulima wa ekari moja, ndiyo maana vikundi vingi hukaguana wenyewe kwa wenyewe, shamba kwa shamba, kwa utaratibu unaotambuliwa. Kwa hiyo muulize muuzaji jina la kikundi na wilaya, na namba ya simu ya mkulima. Akikupa, piga ukiwa bado umesimama hapo dukani, umuulize amevuna lini na mara ya mwisho alitia nini.